Sura Ileile Kwenye Mabango ya Vinyozi

Saa tatu asubuhi, Mkuyuni. Modesta Masalu anamimina mafuta ya taa kwenye kopo la rangi ya kahawia, anakoroga kwa kijiti, kisha anarudi kwenye bango. Kinyozi ameagiza vichwa vitatu vya wanaume. Viwili vimeshakaa sawa. Cha tatu, chenye kovu juu ya jicho la kushoto, anakichora harakaharaka kama mtu anayetia sahihi.

"Huyu sijamwita," anasema. "Huwa anakuja mwenyewe."

Modesta, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, amechora mabango kwa miaka kumi na tisa. Bango moja humpa shilingi elfu arobaini, na kazi zikiwa chache hupata mawili tu kwa mwezi. Kutoka hapa hadi Igogo, sura hiyo iko kwenye saluni kumi na moja. Vinyozi humtania kwamba anamtangaza mumewe. Naye hucheka nao, ingawa mumewe hana kovu.

Akizimua rangi kwa tina, kile kiyeyushi cha dukani, sura haiji. Rangi ikinuka mafuta ya taa, huyo hapo! Na kuna jambo jingine, la kumsisimua mwili hata mbishi: kwenye bango la kwanza ni mtoto. Kwenye la karibuni ana mvi.

Januari mwaka huu mama yake mdogo, Bi Getruda, alikuja kutoka Ukerewe kutibiwa goti. Walipofika mbele ya saluni moja ya Igogo, mama huyo aligoma kupiga hatua.

"Nikamwambia, 'Mama, twende, jua kali.' Yeye macho kwenye lile kovu la bangoni," Modesta anasimulia. "Mwisho akaniuliza, 'Mwanangu, Paulo umemwona wapi?'"

Modesta hakumjua Paulo yeyote. Ndipo akaambiwa, palepale kwenye benchi la kinyozi, kwamba alikuwa na kaka. Akiwa na miaka tisa, Paulo alikwenda ziwani kuchota maji, ikaonekana ndoo tu. Modesta alikuwa na miaka minne. Mwili haukupatikana, basi wazee wakazika kigogo cha mgomba mahali pake, wakakataza jina lake lisitajwe mbele ya mdogo wake, asije akamfuata.

"Paulo ndiye aliyekuwa anamshikia huyu koroboi mpaka asinzie," anasema Bi Getruda, ambaye goti lake limepona lakini hataki kurudi kwake. "Baadaye huyu akisikia harufu ya mafuta ya taa analia, tukaificha koroboi jikoni. Tukadhani kasahau."

Anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Lakini maiti haioti mvi. Na sisi tulizika mgomba. Kama yu hai, baada ya lile kaburi hatukumtafuta hata siku moja."

Majirani wamemwonya Modesta asichokoze yaliyolala. Anaogopa, hafichi. Hata hivyo wiki hii anamalizia bango kubwa lisilo na mteja, lenye sura moja tu, ya mwanamume wa miaka arobaini na saba. Atalitundika Mwaloni, ambako watu wa visiwani hushusha samaki na dagaa.

"Chini nimeandika namba yangu," anasema, akifuta brashi. "Ila simu ikiita atapokea mama mdogo. Mimi nina sura ya kaka tu. Sauti yake siikumbuki."