Mama Mizani na Kadi ya Saa Nane

"Yule mama ana mtu mle ndani," msusi aliniambia tulipokuwa tunaanika nguo kwenye kamba moja. "Asubuhi anamuua, mchana anamuua tena."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Msusi huyu anakaa ghorofa ya juu yetu, na kwa kuwa kutwa ameshika vichwa vya watu, hujiona anajua na yaliyomo. Akasema ameyasikia kwa masikio yake mwenyewe: risasi, mtu anaguna, mlango unavunjwa, kisha kimya. Baada ya dakika tatu, yaleyale tena, kwa mpangilio uleule.

"Shoga, mimi nasema tu. Wewe ndiye uliyepakana naye ukuta. Na una mtoto mchanga."

Aliyesemwa ni Mama Mizani, wa chumba cha mwisho kwenye ujia wetu. Mjane wa miaka sitini na saba, mwembamba kama ufito, miwani imefungwa uzi shingoni. Tangu tuhamie pale, mimi na mume wangu na binti yetu wa miezi minane, sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Ukimwamkia anaitikia, anauliza mtoto kaamkaje, anapita. Leo huyo ndiye muuaji?

Kesho yake risasi zilimwamsha mwanangu, akalia mpaka pumzi ikamkwama. Nikambeba, nikaenda kubisha hodi.

"Karibu, mwanangu. Vua viatu, usikanyage waya."

Nilipigwa na butwaa palepale mlangoni. Nilitegemea chumba cha mjane: kitanda, picha ya marehemu ukutani, birika. Vyote vilikuwapo. Lakini mezani palikuwa na kompyuta iliyovuliwa ubavu, matumbo nje, feni zinazunguka, na kwenye kioo chake askari mwenye bunduki alikuwa anatembea katika mji uliobomolewa. Mama Mizani alikaa mbele yake, kitambaa kichwani, vidole kwenye vitufe. Askari akamfyatulia mtu risasi. Mtu akaguna, akaanguka. Mama Mizani akachungulia namba kwenye pembe ya kioo na kuiandika kwenye daftari.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba. Huyo usimwonee huruma. Nimemuua zaidi ya mara mia na bado anakuja kusimama palepale darajani. Hajifunzi."

Mwanangu, aliyekuwa analia, alinyamaza. Alikuwa anazikodolea macho zile feni.

Hivyo ndivyo nilivyoijua kazi ya Mama Mizani. Jina alilipata ghalani, alikokuwa karani wa mizani ya nafaka miaka thelathini na mmoja. Madereva wa malori walimwogopa kuliko bosi. Ukimwambia gunia lina kilo tisini, alikujibu, "Sawa, lipandishe tulione." Alipostaafu, mikono ikakosa cha kupima. Akawa anapima sukari ya dukani na kuirudisha, mpaka mwenye duka akaomba amani.

Kisha akaja Kocha. Kocha ana ukumbi wa gemu chini ya jengo letu, kompyuta kumi kwenye chumba cha bati ambako watu wazima na vijana hulipia saa nzima kucheza. Ni baba wa watoto watatu, mnene, mpole, mdomo haufungi. Siku hiyo alikaa kwenye ngazi, mikono kichwani. Alikuwa amenunua kadi za picha kwa kutazama uzuri wa boksi, na sasa wateja walilalamika kwamba gemu zinakwama.

"Ulizipima?" Mama Mizani alimuuliza.

"Zinapimwaje, mama?"

"Hata mimi sijui. Niletee moja nitajua."

Akajua. Alinieleza siku ileile niliyobisha hodi, kwa lugha ambayo hata mtu wa shule ya msingi kama mimi niliielewa. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Inachora picha moja, inafuta, inachora nyingine, makumi ya mara kwa sekunde, ndipo mtu aonekane anatembea. Ikichora sitini kwa sekunde, macho yanastarehe. Ikishuka chini ya thelathini, askari anaruka kama panzi, na mteja anadai arudishiwe pesa.

"Wauzaji wanakwambia inavyokimbia," alisema. "Mimi naangalia inapojikwaa. Mbio kila mtu anazo."

Ndiyo maana alikuwa anarudia safari ileile: kutoka daraja lililovunjika, kumpiga yule mtu, kuvunja mlango, mpaka soko linalowaka moto. Dakika tatu, hatua zilezile. Aliandika namba ya chini kabisa aliyoiona. Matokeo aliyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, Kocha akaibandika mlangoni pa ukumbi. Watu wa mitaa mingine walikuja kuipiga picha kwa simu. Hawakujua mwandishi ni nani. Walisema tu, "Karatasi imesema." Msusi nilipompa habari hizi, alikaa chini juu ya beseni la nguo. Akaniuliza kama nina uhakika ni Mama Mizani huyuhuyu wetu.

Wiki ile alikuwa na kadi mbili mezani, zote za bei ya watu wa kawaida. Ya kwanza ilikuwa ndogo, feni moja, haihitaji waya wa ziada wa umeme, kumbukumbu yake gigabaiti nne. Ya pili ilikuwa na feni mbili, waya wake wa umeme, na kumbukumbu mara mbili ya ile. Bei ya kadi nne za aina ya kwanza ilikuwa sawa na bei ya kadi tatu za aina ya pili. Kocha alitaka kubadilisha kadi za ukumbi mzima, na duka la vipuri alikokuwa anakwenda halipokei kilichokwisha kuuzwa. Kwa hiyo neno la Mama Mizani ndilo lilikuwa linangojwa.

Nikawa nakwenda kwake kila siku. Mwanangu alipenda uvumi wa feni, alilala mkekani kama kalishwa dawa. Mimi nilichambua mboga na kutazama. Asubuhi, saa tatu, aliingiza kadi ya kwanza, akatembea safari zake tatu. Kisha alipumzika, akala, akasali, akachomoa kadi kwa kubana pumzi kama mtu anayetoa mwiba. Saa nane mchana aliingiza ya pili. Siku nne mfululizo, bila kukosea hata dakika.

Matokeo yalinishangaza hata mimi. Kadi ndogo haikushuka chini ya picha thelathini na nane. Ile ya feni mbili, yenye maringo yote yale, ilianza vizuri, lakini kila ilipofika sokoni kwenye moto ilianguka mpaka ishirini na saba.

"Umeona?" alisema Mama Mizani, na alifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. "Boksi kubwa, moyo mdogo." Akaandika karatasi: KADI YA FENI MBILI HAIFAI. Jioni ilikuwa imeshabandikwa.

Siku iliyofuata, mchana, nilikuwa chumbani kwangu namlaza mtoto. Kitanda chetu kiko kando ya ukuta tunaopakana na Mama Mizani, na kuanzia saa saba jua la dirishani linaupiga ukuta huo mpaka unawaka. Asubuhi mwanangu hulala pale vizuri. Mchana anatoka vipele vya joto shingoni. Kila mchana namhamisha. Nilikuwa nampaka poda kwenye mikunjo ya shingo nilipohisi mkono wangu umesimama wenyewe.

Kadi ndogo ilipimwa asubuhi. Siku zote nne. Kadi kubwa ilipimwa saa nane. Siku zote nne.

Nilikaa na kopo la poda mkononi. Nikajiambia, wewe ni nani? Mwanamke kapima magunia miaka thelathini na mmoja, wewe umepima nini zaidi ya uji? Halafu nikamkumbuka Kocha, anaondoka keshokutwa alfajiri kwenda kununua. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikaenda.

"Mama, samahani. Nina swali la kijinga."

"Ya kijinga ndiyo rahisi kujibu. Uliza."

"Hii meza yako imeegemea ukuta wetu, ule wa jua. Mwanangu mchana halali upande huu. Kadi ya pili... si wewe uliipima mchana tu?"

Aliinuka taratibu, akaweka kiganja ukutani, nyuma ya kompyuta. Ilikuwa saa tisa kasoro. Alikiacha pale muda mrefu, kisha akakitoa na kukitazama, kana kwamba kimechafuka. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukipauka namna ile.

"Ghalani," alisema mwishowe, sauti ikiwa chini sana, "nilimfukuza kibarua kwa sababu alipima gunia la mkulima mmoja alfajiri, lina umande, na la mwenzake adhuhuri, limekauka. Nilimwambia hafai hata kushika jiwe la mizani." Akakaa. "Alikuwa na watoto, yule."

Kesho yake tulipindua kila kitu. Saa tatu asubuhi kadi ya feni mbili ikaingia. Nilikuwa nasoma namba, yeye anatembeza askari, maana hakutaka tena kufanya yote mawili peke yake. Darajani hamsini na nane. Mlangoni hamsini na moja. Sokoni, kwenye moto, nikangoja ianguke. Arobaini na sita.

"Rudia," alisema. "Umesoma vibaya."

"Arobaini na sita, mama."

Saa nane, kadi ndogo. Ilipofika sokoni kioo kiliganda, kikaachia, kikaganda. Askari akaruka kama panzi. Namba ilikuwa kumi na tisa. Nilisoma mara mbili kabla ya kuitamka, nikidhani macho yamenidanganya. Ile tuliyoisifu ndiyo ilikuwa inazirai kwenye joto, na ukumbi wa Kocha ni wa bati, joto kutwa. Asubuhi kubwa imeishinda ndogo, mchana vilevile. Kadi ndogo ilibaki na sifa moja ya kweli: mwenye kompyuta ya zamani yenye umeme hafifu, anayecheza gemu nyepesi, itamtosha bila kununua waya wala kisanduku kingine cha umeme. Kwa Kocha, tatu zinazochora zilikuwa bora kuliko nne zinazojikwaa.

Kocha alipanda ngazi akihema. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Yaani Mama Mizani umekosea?"

"Nimekosea."

"Basi dunia imeisha, tugawane vyombo." Alijaribu kucheka, akaona hakuna wa kumfuata. "Lakini mama, hakijaharibika kitu. Sijanunua. Nashuka sasa hivi, naitoa karatasi ile, unaniandikia nyingine, nabandika. Nani atajua?"

"Waliopiga picha wangapi?"

Kocha akaanza kuchezea kofia.

"Wangapi, baba?"

"Wengi. Na yule fundi wa redio wa barabara ya juu, anayefungua ukumbi wake... ameshanunua. Kadi ndogo sita. Jana. Alinipigia simu kunishukuru, akasema mwambie aliyeandika Mungu ambariki."

Mimi mwenyewe nilihisi kama ndiye niliyenunua zile sita. Kocha akatutazama mmoja mmoja, akavaa kofia, akasema atangoja chini.

Mama Mizani alichukua karatasi mpya na kalamu ya wino mzito. Aliandika, akaisoma, akaichana. Akaandika nyingine. Nilikuwa namnyonyesha mtoto kitandani kwake, nikasoma kwa pembeni: KUTOKANA NA HALI YA HEWA, MATOKEO YA AWALI YANAREKEBISHWA. Akaitazama hiyo muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Akaikunja mara nne. Ya tatu ilianza na maneno BAADHI YA VIPIMO, na hapo kalamu ikasimama, wino ukawa unatanda kwenye karatasi kama doa la chai.

Alivua miwani ikaning'inia kifuani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, na yamelowa.

"Unaandika vizuri?" aliniuliza.

"Naandika, mama. Si vizuri. Niliishia shule ya msingi."

"Mwandiko unasomeka?"

"Unasomeka."

Akanisogezea kalamu, akanipokea mtoto, akamlaza begani mwake na kuanza kumpigapiga mgongo ili acheue.

"Mkono wangu unanitetea," alisema. "Kila nikiandika, unanitafutia njia ya kutokea. Hali ya hewa, sijui baadhi ya vipimo. Fundi wa redio akisoma hivyo hatajua kwamba ni mtu ndiye aliyemkosesha. Andika wewe, mwanangu. Andika kwamba mwanamke wa chumba cha mwisho alipima moja kwenye baridi na nyingine kwenye joto, na kwamba alijua haifai kufanya hivyo. Weka jina langu. Na popote utakapoona huruma inakuja, tafadhali, usinipunguzie."