Siku Daktari Alipobaki Bwenini

Watoto walimwita Mama Foleni, naye hakukasirika. Mwaka wa tisa sasa, kila likizo ndefu, alifuatana na wanafunzi wa sekondari wanaopelekwa safari za masomo, kuona viwanda, mabwawa na hospitali kubwa, vitu ambavyo darasani wanaviona vitabuni tu. Yeye hakuwa wa kufundisha. Kazi yake ilikuwa kuwaamsha, kukagua vitanda, kuwafuta waliotapika njiani, na kuhesabu. Basi halikuondoka popote mpaka Mama Foleni aseme, "Wametimia."

Alikuwa mama wa sala, mpole wa maneno. Ungemuuliza kama amewahi kusema uongo, angecheka akuambie labda ule wa kumsifia mkwewe mapishi. Hiyo ni kabla ya safari ya bwawa la umeme.

Siku hiyo ziara ilikuwa imekwisha, watoto wanapanda basi. Mama Foleni alisimama mlangoni akimwonyesha dereva simuni picha ya mjukuu wake aliyeota meno mawili.

"Pua ni yako nzima nzima," dereva akasema. "Pole yake."

Wakacheka. Katikati ya kicheko hicho msichana mmoja akashuka. "Mama, naomba niende chooni mara moja."

"Nenda, mwanangu, usikawie." Hata macho hakuyainua kwenye simu.

Msichana huyo wenzake walimwita Daktari, kwa sababu ndicho alichotaka kuwa na hakumficha mtu. Kofia yake aliiacha juu ya mgongo wa kiti cha dirishani, asije mtu akamchukulia nafasi. Kofia za safari zilikuwa za njano, kila mwanafunzi na yake. Sasa Mama Foleni goti lilikuwa linamsumbua. Badala ya kupita katikati ya viti akimgusa kila mtoto begani kama alivyozoea, alisimama pale mbele akahesabu kofia. Arobaini.

"Wametimia."

Walikuwa wamekwenda nusu saa walinzi wa bwawa walipopiga simu. Basi likageuzwa. Walipomchukua Daktari na kufika kiwanda cha karatasi, walikotarajiwa mchana huo, geti lilikuwa limeshafungwa. Ndani ya basi hapakukalika.

"Daktari, ulikuwa unapima mkojo wako mwenyewe?" mmoja akamtupia, na wengine wakacheka kwa hasira.

Jioni, baada ya chakula, mwalimu aliyeongoza safari akawakusanya wote kwenye ukumbi wa bweni walimofikia. Alikuwa mkali, lakini mtu wa haki. Sheria yake waliijua: anayeachana na kundi bila ruhusa, ziara inayofuata haendi. Na ziara iliyofuata ilikuwa ya maabara ya hospitali, ile ambayo Daktari aliizungumzia tangu siku walipofunga mizigo.

"Mwalimu, ruhusa niliomba," Daktari akasema. "Nilimwomba mama."

Mwalimu akageuka. "Mama, alikuomba?"

Ukumbi mzima ukamtazama. Alikumbuka. Alikumbuka picha, kicheko, na ile sauti ya heshima iliyomwita mama. Lakini alikumbuka pia jinsi mwalimu huyu alivyopenda kuwaambia wageni, "Huyu hajawahi kunipotezea mtoto hata mmoja." Akaona jina lake zuri linakwenda na maji.

"Sikumbuki, mwalimu."

Neno moja tu, alijiambia akielekea chumbani. Si kwamba nimesema hakuniomba. Lakini alipopiga magoti, akafika mahali pa kuomba msamaha, aliparuka pale haraka haraka akaanza kuwaombea wagonjwa.

Asubuhi basi liliondoka na watoto thelathini na tisa. Na wa kubaki na aliyeadhibiwa ni nani, kama si mlezi? Bwenini wakabaki wao wawili. Daktari, bila kuambiwa, akaanza kuvua mashuka vitandani. Wakayakunja pamoja, mmoja upande huu, mwingine ule, wakikutanisha ncha. Kila shuka likawaleta uso kwa uso, na kila mara Mama Foleni akatazama sakafuni.

"Mama," mtoto akasema walipofika vitanda vya dirishani, "nimefikiria. Labda kweli hukunisikia. Ulikuwa na dereva. Ningesema kwa nguvu zaidi."

Mama Foleni uso ukamwaka moto. "Basi, mwanangu, yasikuumize," akajibu, na papo hapo akajichukia. Kumwibia mtoto siku yake, halafu kujifanya wa kumsamehe!

"Maabara nitaiona siku nyingine," Daktari akasema. Lakini shule yao ilikuwa imechaguliwa mara hiyo moja, na yeye alikuwa mwaka wa mwisho.

Saa tisa alasiri basi likarudi. Watoto wakashuka wakikatizana maneno, kila mmoja ameona chembe za damu kwenye hadubini vizuri kuliko mwenzake. Daktari akawaendea mbio. "Zinaonekana kweli? Za duara?"

Mama Foleni akamshika mwalimu mkono. "Waite wote."

"Kuna nini, mama?"

"Waite kabla sijaogopa tena."

Wakasimama wakamzunguka. "Jana huyu mtoto aliniomba ruhusa," akasema. "Nikamwambia nenda. Halafu nikahesabu kofia, sikuhesabu watu. Na nilipoulizwa, nilikuwa nakumbuka."

Hakuna aliyecheka. Dereva akageukia matairi yake.

"Mama, ungesema jana," mwalimu akasema. "Nafasi ya maabara ilikuwa leo tu. Kesho tunarudi nyumbani."

"Najua, mwalimu."

Daktari alikuwa anamtazama. "Kwa hiyo ulinisikia."

"Nilikusikia, mwanangu."

"Na leo, tulipokuwa tunakunja mashuka, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Msichana akamgeukia mwenzake, akamwomba daftari lake aone alivyochora, wakaingia nalo ndani. Mama Foleni akabaki pale uani, na hakuna aliyemwambia aingie.