Sabuni Iliyokauka

Ko! Ndivyo ilivyolia miche miwili ya sabuni dobi alipoigonganisha dukani, sikio kalitega. “Mama, unanunua sabuni au ngoma?” mwenye duka alimtania. “Mbichi huyeyuka upesi, baba. Nipe ile ya zamani.” Nyumbani aliikata kwa uzi, akaipanga dirishani izidi kukauka. Mke wa jirani alizoea kumtazama tu, hadi jioni ile mumewe alipoitwa akajaribiwe kazi kesho yake, shati lake la pekee chafu, sabuni hakuna. Ukuta kati yao na dobi ulikuwa mwembamba, maneno yakapenya. Kabla mke yule hajaenda kuomba, dobi alishafika mlangoni na kipande kikavu kuliko vyote. Mke yule alishukuru mpaka sauti ikamkauka. “Usikiache majini, mwanangu,” dobi alinong'ona. “Kitawafikisha hadi mshahara wa kwanza.”