Mkwe Wangu na Magodoro ya Sponji

Godoro la mkwe wangu, fundi cherehani, lilikuwa limebonyea hata kuku angetagia katikati. Mgongo ukamkataa, akawa hawezi kuketi kwenye cherehani. Basi mimi na binti yangu tukampeleka dukani kuchagua jingine.

Alijilaza kwanza kwenye godoro laini, miguu imenyooka, mikono kifuani kama anayepigwa picha.

“Vipi, baba watoto?” binti yangu akauliza.

“Sijui.”

Akahamia gumu. “Na hili?” mkewe akauliza.

“Sijui. Yote yananiumiza shingo.”

Muuzaji akajikuna kichwa. “Fundi, laini na gumu yanaumizaje sawasawa?”

Nami nilichanganyikiwa. Nikainama nimtazame vizuri, akakauka kama ubao! Kumbe shida haikuwa magodoro. Nani atalegeza mwili mama mkwe akimkodolea macho?

Nikatoka nje. Punde mkoromo ukatikisa mabati ya duka zima, nikarudi mbio. Alikuwa amejikunja ubavu kwenye godoro la wastani, uso umelainika. Nikalibonyeza kwa kiganja, sponji ikainuka upesi.

“Hilo hilo,” nikamwambia muuzaji. “Ila usilifunge kamba sasa hivi, mwache baba wa watu alale.”