Baiskeli ya Dereva wa Basi la Kwanza

Basi la kwanza la asubuhi lina shida moja ambayo abiria hawaifikirii: dereva wake hana basi la kumfikisha kazini. Lazima mtu mmoja atoke kwake kabla gari lolote la abiria halijatembea, avuke mji kwa namna anayoijua mwenyewe, awashe injini, ndipo wengine nao waweze kusimama kituoni na kulalamika kwamba basi linakawia. Kule Portland, upande wa mashariki wa mto, mtu huyo alikuwa Verla Stroud, na namna yake ilikuwa baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya kiume, nzito, ya kijani kilichopauka, aliyoinunua kwa mjane mmoja wa mtaani aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu uani. Madigadi ya nyuma yalikuwa mafupi, kwa hiyo Verla alikata dumu la maziwa akaning'iniza kipande hapo, maji yasimrukie mgongoni. Kila alfajiri alifunika soksi zake kwa mifuko ya mkate kabla ya kuvaa viatu. Sare na soksi kavu alizitia katika mfuko usiopitisha maji, akaufunga nyuma ya kiti kwa mpira. Mwavuli hakuwa nao. Portland ukimwona mtu na mwavuli, ama ni mgeni ama anakwenda mazikoni.

Mvua ya huko haiji ikaondoka. Inaingia majani yanapoanza kudondoka, nayo hukaa kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Haina radi wala hasira, inanyesha tu wiki baada ya wiki, na baridi yake huingia kwenye mifupa ikatandika kitanda. Wenyeji hawaizungumzii. Ukianza kuizungumzia mwezi wa kumi na moja, utafika mwezi wa nne huna rafiki.

Verla alikuwa na miaka hamsini na moja. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kusindika njugu mpaka kikafungwa, kisha akazunguka kutafuta kazi, na kila aliyemkaribisha ofisini alimtazama mvi kwanza. Kampuni ya mabasi ndiyo iliyomchukua. Alijifunza kulipindisha lile dubwana katika kona nyembamba bila kugusa kioo cha mtu, na hapo jambo asilolitarajia likamtokea: aliipenda kazi. Aliipenda bila aibu, kama mtu aliyeposwa uzeeni.

Ila alikuwa bado kwenye majaribio, na wakati wa majaribio sheria ya madereva ni fupi. Ukichelewa mara tatu, unarudisha sare. Verla alikuwa amekwisha kuchelewa mara mbili.

Mara ya kwanza ni gari lake lililokata roho barabarani, na halikufufuka. Mara ya pili ni Lamar Tibbets, jirani wa nyumba ya pili, dereva wa malori aliyestaafu. "Mimi na alfajiri ni marafiki wa zamani," Lamar alimwambia. "Nitakupeleka na pikapu yangu, wewe jikalie tu kama malkia." Akampeleka wiki nzima, akimtania njia nzima. Jumatatu iliyofuata Verla alisimama barazani amevaa sare, pikapu imelala na mwenye pikapu amelala. Aligonga mlango mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka, Lamar akawa wa mwisho. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na wa jirani hata kufa anachelewa.

Msimamizi wa zamu kule yadini aliitwa Pacheco. Alikaa nyuma ya kioo, na sharti kila dereva asimame mbele ya kioo hicho kwa miguu yake kabla ya saa yake kugonga. Kwetu tunasema kawia ufike. Aliyesema hivyo hakuwahi kufanya kazi chini ya Pacheco. "Saa haina huruma, Bi Stroud," alisema, akagonga mhuri wa pili. Alisema kwa sauti ya upole, na upole huo ulimkera Verla kuliko mhuri.

Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa Pacheco. Alikuwa Bi Eulalia, mama aliyemzidi Verla umri, anayefanya usafi hospitalini, abiria wa kwanza wa kituo cha kwanza, pale ng'ambo ya reli karibu na yadi. Siku ile ya Lamar, mama huyu alisimama mvuani mpaka dereva wa akiba alipopatikana, akafika kazini amelowa, akasemwa mbele ya wenzake. Kesho yake alipanda, akagusisha kadi yake, akamtazama Verla.

"Jana nilikungoja, mwanangu."

Basi. Akaenda kukaa. Verla angependelea atukanwe.

Jioni hiyo hiyo akanunua baiskeli.

"Kwa umri huu?" Lamar aliuliza, ameegemea uzio. "Mama, utaota ukungu kabla ya Krismasi."

"Nitaota ukungu nikiwa njiani."

"Si nimeshakuomba radhi?"

"Na nimekusamehe. Ila kusamehe ni kitu kimoja, kupanda gari lako ni kitu kingine."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Verla aliyaoga kwelikweli. Juma la kwanza alianguka kwenye reli za tramu, kwa kuwa alizivuka kwa upande badala ya kuzikata moja kwa moja, kosa ambalo kila mpanda baiskeli wa mji ule hulifanya mara moja akakoma. Alijifunza kwamba majani yaliyolowa huteleza kuliko sabuni, kwamba dimbwi lililotulia ndilo lenye shimo, na kwamba breki iliyolowa lazima uishike mapema kuliko moyo unavyotaka. Mapaja yaliuma, kisha yakazoea. Vidole havikuzoea. Kuna asubuhi alifika yadini hawezi kufungua kifungo cha koti lake, akabaki amesimama mbele ya kioo cha Pacheco mikono kwapani, amewahi, anatetemeka, na furaha imemjaa ya mtu asiyemwomba mtu yeyote lifti.

Bi Eulalia, pale kituoni, akazoea kumwona akipita kwa baiskeli kuelekea yadini. Ikabaki wiki moja majaribio yaishe.

Alfajiri moja ya wiki hiyo mvua ilikuja na barafu ndani yake, vipande vidogo vinavyochoma uso. Majani yalikuwa yameziba mitaro, na mitaa yote ikawa mito. Verla alikuwa hajafika hata nusu ya njia glavu zilipoloa zikawa nzito kama taulo. Alikuwa amejikaza kisabuni, kichwa chini, akiufuata mwanga wa taa yake mwenyewe, aliposikia injini anayoifahamu ikija taratibu ubavuni. Pikapu. Kioo kikashuka.

"Panda," Lamar alisema. Alikuwa na kofia ya kulalia kichwani.

"Nani kakuamsha?"

"Mvua. Na dhamira. Panda, Verla, tutaitupa baiskeli huko nyuma. Kuna joto humu, nimewasha hita."

Nisikudanganye, alitamani. Joto lile lilimfikia usoni kupitia dirisha, likanukia kahawa, na miguu yake ikaanza kumwambia kwamba ubishi si dini. Akakumbuka baraza, sare, pikapu iliyolala.

"La, jirani. Nikichelewa leo, nataka nichelewe kwa miguu yangu."

"Kichwa kigumu wewe."

"Ndiyo maana sivai kofia ya kulalia."

Lamar hakuondoka. Alimfuata nyuma polepole, akimmulikia njia, mpaka wote wawili wakafika kwenye reli. Vizuizi vilikuwa vimeshuka, taa nyekundu zinapepesa, na katikati ya barabara ilikuwa imesimama treni ya mizigo.

Watu wa upande ule wanaijua treni hiyo. Haipiti, inasimama. Inaweza kusimama mpaka mtu amalize kugombana na mkewe kwa simu, wapatane, wagombane tena. Magari yalikuwa yameshapanga foleni ndefu, mengine yamezima injini, madereva wamejilaza kwenye viti vyao. Mwanzo wa treni hauonekani, mwisho wake hauonekani. Ng'ambo, kwa mbali kidogo, Verla aliona taa za yadi.

Mwanamume mmoja mwenye kofia ya koti alitoka kwenye foleni, akashika kingazi cha behewa, akapanda kati ya mabehewa mawili, akatokea upande wa pili, akaenda zake.

"Umeona?" Lamar aliita. "Wote wanapita hapo. Panda, mimi nitakurushia baiskeli."

Verla aliisukuma mpaka ubavuni mwa treni. Nafasi ilikuwa pale, pana, nyeusi, hatua chache tu. Akafikiria kioo cha Pacheco na mhuri wa tatu. Akafikiria ofisi zote zilizomtazama mvi, na kwamba sasa mvi zimeongezeka. Akaweka mkono kwenye kile kingazi. Chuma kilikuwa baridi hadi kikauma kupitia glavu.

Ndipo treni ikashtuka. Kishindo kilianzia mbali huko kusikoonekana, kikaja behewa kwa behewa, kikampita, na kingazi kikamponyoka mkononi. Mabehewa yalisogea kidogo yakasimama tena. Kidogo hicho kingetosha kuchukua mguu wa mtu. Verla alirudi nyuma, akamsikia Lamar akilitaja jina la Yesu, naye si mtu wa kanisa.

Kando ya reli kuna daraja la waendao kwa miguu. Ngazi zake ni ndefu, zinapinda mara mbili, na pembeni zina mfereji mwembamba wa kusukumia magurudumu. Wenye haraka hawalipendi. Verla aliligeukia, akaiweka baiskeli ya marehemu kwenye mfereji, akaanza kupanda.

Majani yalikuwa yamejaa mferejini, magurudumu yakawa yanateleza kurudi. Alisukuma kwa bega. Aliteleza, pedali ikamchuna muundi, akasema neno ambalo dereva wa abiria haruhusiwi kulisema. Kwenye kona ya kwanza giza lilikuwa zito hata hakuiona ngazi ya mbele yake. Mara mwanga ukamwagika juu ya daraja zima. Kule chini Lamar alikuwa ametoka kwenye foleni, ameigeuza pikapu yake kuelekea ngazi na kuwasha taa zote alizonazo.

"Panda, mama!" alipaza sauti. "Panda, kichwa kigumu!"

Akapanda. Alipofika juu hakupumzika. Treni ilikuwa chini yake, ndefu, imelala, haina habari naye. Aliivuka, akashuka upande wa pili akiikumbatia baiskeli isimtoroke, akaikalia, akakanyaga kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Nyuma ya kioo hakuwepo Pacheco. Alikuwepo mama wa zamu ya usiku, macho mekundu, koti tayari begani.

"Wewe umetokea wapi?"

"Nyumbani."

"Na treni?"

"Ipo pale pale. Nimepita juu yake."

Yule mama alitazama saa ya ukutani, akamtazama Verla na maji yanayotiririka sakafuni, akagonga mhuri wa kuwahi. "Wenzako wote wa ng'ambo hawajafika," alisema. "Pacheco mwenyewe hajafika. Mimi naganda hapa tu."

Verla hakuweza kucheka, meno yalikuwa yanagongana. Alikwenda chumba cha kubadilishia, akavaa sare, akakaa kwenye benchi akavaa soksi kavu. Hapo machozi yakamtoka. Yalimtoka kwa ajili ya kile kingazi cha chuma, na kwa kuwa soksi zilikuwa kavu. Akajifuta, akaenda kuwasha basi.

Getini alikutana na mtu anayeingia kwa miguu, gazeti lililolowa limemlalia kichwani, viatu vinalia maji kila hatua. Verla akasimamisha basi, akafungua mlango. Pacheco aliinua uso.

"Usiseme neno, Stroud."

"Sijasema kitu, bosi."

"Gari nimeliacha kule. Nimepanda zile ngazi."

"Zinateleza."

Pacheco alishusha gazeti, akalitazama, akalitupa kwenye pipa. "Majaribio yako yanaisha wiki hii," alisema. "Siku nikisikia umenunua gari, nakufukuza."

"Kabatini mwangu kuna jozi nyingine ya soksi, bosi. Kabati halina kufuli."

Akafunga mlango, akaondoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa na mtu mmoja tu. Bi Eulalia alipanda taratibu, maji yakimdondoka kwenye ukosi, akagusisha kadi yake.

"Wenzako wako wapi, mama?" Verla aliuliza.

"Wamerudi majumbani. Wamesikia treni imefunga njia, madereva wamekwama ng'ambo. Wakaniambia, twende zetu, leo hakuna basi."

"Na wewe ukabaki?"

Bi Eulalia alivua kofia ya koti, akaikung'uta mlangoni ili asilowanishe viti.

"Nilitaka kwenda nao," alisema. "Nikatazama juu, nikaona mtu anapandisha baiskeli darajani. Nikajua basi linakuja."