Sauti ya Thorben na Kijiko cha Gesine

Leseni za programu kwa kawaida hunichosha tu. Ya Thorben Saathoff ilinitia kichefuchefu, na hadi leo hakijaniisha.

Hapa Leer, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, Wiebke Ulferts hutengeneza meno bandia mchana, na jioni programu huria ya kuwasomea vipofu kwa Kiplatt, lugha yetu ya nyumbani. Haandiki kila kitu mwenyewe, nani anaweza? Huchukua vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, tunaviita maktaba, na kabla ya kuchukua husoma leseni ya kila kimoja hadi mwisho. Sisi wenzake wa klabu ya kompyuta tulimcheka sana kwa hilo, kwamba anachunguza maktaba kama anayechunguza mchumba.

Sauti tamu kuliko zote ilikuwa kwenye maktaba ya Thorben, mwenzetu wa klabu, aliyeirekodi mwenyewe. Wiebke alimsikilizisha shangazi yake Gesine, asiyeona, ambaye hakuwahi kukutana na Thorben. Bibi wa watu alilia kwa furaha. Akasema mwenye sauti hiyo lazima ana moyo mwema.

Halafu Wiebke akaufikia mstari wa mwisho wa leseni: "Ruhusa kwa watu wote, isipokuwa wanaokoroga chai."

Kwetu chai haikorogwi. Unamimina juu ya jiwe la sukari, unadondosha krimu, unaiacha. Klabu nzima tuliangua kicheko, isipokuwa Wiebke. Leseni ya programu yake inampa kila mtu ruhusa, na maktaba inayomkataza hata mmoja haiwezi kukaa humo.

"Futa huo mstari, Thorben."

"We dada vipi? Ni utani!"

"Ukishauandika kwenye leseni ni sharti."

"Kwani nani atakushtaki, mimi? Acha hizo bwana."

"Nakuomba. Shangazi anaitaka hiyo sauti."

"Watu wananijua kwa mstari huo. Nikiufuta nibaki na nini?"

Alisema hivyo huku akilamba krimu mdomoni, nikaona kinyaa. Jitu zima na ndevu zake! Na sisi wengine tukainamia vikombe, tukaendelea kunywa. Tulikuwa wa kutapikwa pamoja naye.

Wiebke akaweka sauti nyingine, yenye leseni safi. Siku ya kuitoa programu akatualika klabu nzima kwake. Gesine akabonyeza, akasikiliza.

"Huyu nani tena? Anasoma kama karani wa mahakama. Yuko wapi yule wangu?"

Wiebke akamweleza habari ya mstari ule, bila kutaja jina. Gesine akachukua kijiko, akakizungusha ndani ya chai polepole, kikigonga ukingo. Miaka yote aliyokunywa chai na watu, hakuna aliyewahi kuutazama mkono wake.

"Mimi nakoroga," akasema. "Bila kijiko sijui kikombe kimejaa au kitupu. Kwa hiyo aliyekatazwa ni mimi?"

"Ilikuwa utani tu, shangazi," Thorben akasema.

Kijiko kikasimama. Gesine akageuza uso kumwelekea.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo sauti yenyewe."