Pedali Inayoogopa Jua

Kiongozi wa kwaya yetu aliniambia mbele ya wote: "Wewe msichana, gitaa yako ni kama iko kwa nyumba ya jirani. Jumapili nisipokusikia, hiyo solo naipea kibodi." Mpiga ngoma akaongeza, "Hata yeye mwenyewe akiongea hatumsikii!" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Ndiyo maana nilijitengenezea pedali ya gitaa. Ni mkebe wa majani chai wenye swichi ya kukanyaga, ya kuongeza nguvu wakati wa solo. Ndani kuna betri, waya chache na transista moja ya kizamani. Inainua zile sauti nyembamba za gitaa zipenye katikati ya ngoma na kibodi. Binamu yangu, fundi wa redio huko mjini, alinifundisha kulehemu, lakini transista niliitoa mwenyewe kwa redio ya marehemu babu. Hakuna nyingine. "Chunga joto," binamu alisema. "Hizi za kitambo zikipata moto zinalewa." Kwa hivyo hapa kwetu, mtaa wa Mountain View, pedali ilikuwa inalala kwa friji, kando ya sukuma wiki.

"Mashine gani hii inaogopa jua?" Mama aliuliza.

"Mum, ikishika joto inakwaruza, halafu inanyamaza."

"Basi ni kama wewe."

Paa la kanisa letu ni mabati, na juu ya jukwaa kuna bati moja la plastiki la kuingiza mwanga. Leo asubuhi fundi wa sauti alibandika pedali yangu sakafuni kwa tepe, mtu asijikwae. Wakati huo palikuwa na kivuli. Kisha matangazo yakaanza, na ya kwetu hayaishi: harusi, harambee, mkutano wa akina mama. Kipande cha jua kikawa kinatambaa sakafuni. Kikafika kwa stendi ya maiki. Kikafika kwa kiatu changu. Nilijiambia niiname, nibandue tepe, niisogeze tu. Lakini wale watu wote wananiangalia! Sikuweza. Nikasimama natoka jasho, jua likipanda juu ya mkebe.

Wimbo wa sadaka ukaanza. Kufika ubeti wa pili gitaa ilikuwa inakwaruza, sauti inafifia. Kiongozi akanitazama, halafu akamtazama mtu wa kibodi.

Ndipo nikamwona Mama akija mbele anacheza, leso yake ya kujifunga ikipepea juu ya kichwa, chupa ya maji mkono wa pili. Kwetu akina mama hufanya hivyo mtoto akiimba vizuri: wanampangusa jasho au kumtandikia leso akanyage. Lakini mimi nilikuwa napiga vibaya! Nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

Mama hakunigusa. Alitandaza leso juu ya mkebe, akaegemeza hapo chupa yake ya maji baridi, akasimama ameligeuzia jua mgongo, kivuli chake juu ya mkebe, anacheza papo hapo. Vigelegele vikalipuka. Kiongozi hangeweza kukatiza akina mama, kwa hivyo kiitikio kikarudiwa, kikarudiwa tena, na mkwaruzo ukapungua polepole. Mwishowe kiongozi akaninyooshea kidole: solo.

Nilikanyaga swichi juu ya leso. Sauti ikatoka, kali, bado na mkwaruzo kidogo. Nilipiga nikiangalia viatu vya Mama tu.

"Leo nimekusikia," kiongozi alisema baadaye. "Solo ni yako. Lakini Mum akae viti vya mbele."

Mama ndiye ameirudisha pedali kwa friji. Nimeshaenda kuiangalia mara mbili.